Mkataba wa kurasa 11, na mwezi haujaandama

Bi Wakili, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni kupiga picha na video kwenye sherehe za wanawake: siku ya hina, kesha, kupamba. Nimeifanya miaka 6 sasa. Wateja hunipata kwa kuambiana, na makubaliano yetu siku zote huwa ya mdomo na WhatsApp. Tunasema tarehe na bei, napata nusu kwa M-Pesa, nusu nyingine nikikabidhi kazi.

Shaabani ya mwaka jana niliumia. Mama wa bibi harusi alikataa kunimalizia KSh 35,000. Nilimpa picha 420 zilizohaririwa, ndani ya wiki 3. Akasema yeye alijua kuna na albamu, na video fupi za kuweka kwenye status, na kwamba bintiye hakutoka vizuri kwenye picha za kitini. Mpaka leo nikimpigia hashiki simu.

Sasa kuna mama mwenye biashara ya mapambo na ukumbi huko Nyali. Ni rafiki wa mama yangu tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani. Ataka niwe mpiga picha wake wa sherehe zote za wanawake, kuanzia Idd ikipita mpaka Disemba, kwa KSh 45,000 kila sherehe. Nilifurahi. Kisha akanitumia mkataba wa kurasa 11, kwa Kiingereza. Nimeusoma mara tatu. Unasema mimi si mwajiriwa, ni mkandarasi wa kujitegemea. Lakini unasema pia nifike ofisini kila siku saa 3 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na nikitaka kukosa niombe ruhusa. Nisimpigie picha mtu mwengine yeyote. Nikiondoka, nisifanye kazi hii Pwani nzima kwa miaka 2. Picha zote ni mali yake. Nitalipwa "mteja atakaporidhika". Na mwishoni, mzozo ukitokea utaamuliwa kwa sheria za jimbo la Texas! Juu ya hayo ananiambia niwe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, na kwamba atakata asilimia 5 ya KRA.

Mama anasema, "Tia sahihi, yule ni kama khalti yako, karatasi za nini baina yenu?" Kaka yangu anasema nisitie mpaka nione wakili, na wakili ataka pesa ambazo sina. Je, naweza kuandika mkataba wangu mwenyewe, kwa Kiswahili? Utakuwa na nguvu bila muhuri wa wakili? Na niandike nini?

Mwenye Kamera, Kibokoni

*

Marahaba mwanangu.

Usitie sahihi bado. Lakini pia usimjibu kwa ujumbe mrefu wa saa 8 usiku. Huyu mama hakuiandika karatasi hii, aliipakua. Texas peke yake yanitosha kuwa ushahidi. Intaneti imejaa vielelezo vya bure vya mikataba, vingi vikiwa vya Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani, na mtu hubadilisha majina ukurasa wa kwanza asifike wa tisa. Niliwahi kuletewa mkataba wa fundi wa AC wa Bamburi uliosema wakikosana wataamuliwa New York. Fundi mwenyewe hakuwa na pasipoti.

Kwa hivyo usidhani umetegewa mtego. Umeletewa karatasi isiyoijua kazi yako. Aliyeiandika hajui kwamba kwenye kupamba simu zinaachwa mlangoni, kwamba mpiga picha lazima awe mwanamke, kwamba mwezi mzima wa Ramadhani hakuna harusi. Hayo ndiyo mambo ya kuandika. Ila kwanza nijibu ulivyouliza.

Mama yako hajakosea sana. Kwa sheria ya Kenya, makubaliano ya kazi kama yako yanasimama hata yakiwa ya mdomo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inalazimisha maandishi kwa mambo machache, kama kuuza ardhi au kumdhamini mtu deni lake. Kupiga picha hakumo. Karatasi haiuzai mkataba, kazi yake ni kuukumbuka. Na baina ya watu wanaoheshimiana kumbukumbu huharibika haraka kuliko baina ya wageni, kwa sababu kila mmoja anaona haya kumuuliza mwenzake, "Kwani tulisema ngapi?"

Kiswahili chatosha. Ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na mahakama za chini husikiza kesi kwa Kiingereza au Kiswahili. Muhuri wa wakili hauhitajiki. Majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe, sahihi zenu mbili na shahidi mmoja kila upande, basi. Andikeni nakala mbili, kila mtu na yake. Kurasa mbili zatosha. Mkataba ambao wote wawili mnaweza kuusimulia bila kuutazama una faida kuliko kurasa 11 ambazo hata aliyezituma hazijui.

Sasa tuje penye uzito.

Karatasi ile inakuita mtu wa kujitegemea kisha inakutendea kama karani wa ofisi. Hayo hayaendi pamoja. Sheria yetu inatenga aliyeajiriwa na anayetoa huduma, na mahakama haiangalii jina mlilojiita, inaangalia mambo yalivyo. Nani anapanga saa zako? Kamera ni ya nani? Unaweza kumpigia picha mtu mwengine? Ukiugua, unaweza kumtuma mwenzako? Hasara ikitokea, inamwangukia nani? Ukiwa na kamera yako, diski zako na wateja wako, wewe ni wa kujitegemea. Ukikaa kwake tangu saa 3, ukiomba ruhusa ya kwenda kliniki na ukikatazwa kazi nyingine, unaanza kunuka uajiri, hata karatasi iseme nini.

Na hapa usikilize vizuri, kwa sababu hoja hii ndiyo utakayompelekea: kifungu hiki kinamuumiza yeye zaidi kuliko wewe. Mwajiriwa ana likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ana likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, ana notisi. Mwajiri wake hukata kodi ya mshahara, NSSF ya uzeeni, asilimia 2.75 ya SHIF ya afya, na asilimia 1.5 ya nyumba ambayo yeye mwenyewe huongeza nyingine kama hiyo. Siku mkikosana, ukaenda ukasema "mimi nilikuwa mwajiriwa wake" na ukaonyesha kile kifungu cha saa 3 asubuhi, yeye ndiye atakayetafuta majibu. Sidhani anajua. Hakuna anayejitwika mzigo huo kwa makusudi.

Basi achague. Akitaka uje kila siku, akuajiri, akulipe mshahara hata mwezi usio na sherehe. Akitaka kukulipa kwa sherehe, siku nyingine zote ni zako. Fikiria kama mkataba huu ungeifikia Ramadhani: ungekaa kwenye kiti pale Nyali mwezi mzima, umefunga, huruhusiwi kazi ya mtu mwengine, na hulipwi kwa kuwa hakuna harusi.

Andika hivi, au kwa maneno yako: *Mpiga picha anafanya kazi kwa kujitegemea, kwa vifaa vyake. Atahudhuria sherehe zilizothibitishwa tu. Yuko huru kuchukua kazi nyingine siku ambazo hazina sherehe ya Mteja. Akipata udhuru atatafuta mpiga picha mwengine, mwanamke, mwenye uwezo sawa, kwa gharama yake, baada ya kumjulisha Mteja.*

Sentensi ya mwisho unaweza kuiona ndogo. Inafanya kazi mbili. Inamtuliza yule mama usiku wa kesha wewe ukiwa na homa, na inaonyesha wazi kwamba wewe si mwajiriwa, kwa sababu mwajiriwa hatumi mtu badala yake. Neno "mwanamke" usiliache hata kama linaonekana la wazi. Mkataba hausomwi na watu wa Kibokoni peke yao.

Kuhusu miaka 2 Pwani nzima: yaani kuanzia Vanga mpaka Lamu usishike kamera? Tunayo Sheria ya Mikataba Inayozuia Biashara, Sura ya 24, na mahakama ina uwezo wa kukitupa kifungu kilichopita kiasi. Lakini usitie sahihi kwa kutegemea kwamba hakimu atakuja kukuokoa. Kikate leo. Badala yake mpe anachokihofia kweli, nacho ni kwamba utawanyakua wateja wake kwa mlango wa nyuma. Mwandikie kwamba familia iliyokujia kupitia kwake hutaichukulia kazi ya sherehe ile ile kivyako, na kwa miezi 6 hutawatafuta wateja wake wewe mwenyewe. Hilo ni haki yake, na mimi ningelitaka kama ningekuwa yeye.

Halafu kazi yenyewe. Hapa ndipo nataka utumie wino mwingi, na wino huo unao tayari: ni zile KSh 35,000. Kaa chini, kumbuka kila neno aliloleta yule mama wa bibi harusi, na kila neno liwe mstari. Alisema albamu? Andika albamu imo au haimo. Alisema video fupi? Andika ngapi, za sekunde ngapi. Alisema bintiye hakutoka vizuri? Andika marekebisho ni mara ngapi na mpaka lini. Mimi ningeandika hivi:

*Mpiga picha atafika saa 12 jioni na kuondoka saa 6 usiku. Ndani ya siku 21 atakabidhi, kwa kiungo cha kupakulia, picha zisizopungua 300 zilizohaririwa na video moja ya dakika 5 hadi 7. Albamu ya kuchapisha haimo katika bei hii. Mteja ana siku 7 tangu kupokea kazi kutaja marekebisho, kwa maandishi, mara moja. Siku hizo zikipita bila neno, kazi imepokewa.*

Ile sentensi ya mwisho iandike hata kama utaacha nusu ya mengine. "Mteja atakaporidhika" si tarehe. Kuna mama wa bibi harusi ambaye ataridhika mjukuu wa kwanza akizaliwa, na wengine hawaridhiki kamwe, si na picha, si na biriani, si na mkwe. Kazi lazima iwe na siku ya kwisha ambayo mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kuihesabu. Na saa pia: ikipita saa 6 usiku na maharusi bado, kila saa ya ziada ina bei yake. Taja bei hiyo sasa, usingoje kuitaja ukumbini huku umeshika tripodi.

Tena, mteja hapa ni nani? Kwenye mkataba huu mteja wako ni mwenye ukumbi. Familia ya harusi ni mteja wake yeye. Sasa familia isipomlipa, je? Karatasi ya Texas inakuacha ukining'inia. Andika wazi kwamba malipo yako hayangojei yeye alipwe. Hapo ndipo mtakapovutana kidogo, na usione ajabu. Yeye anachukua faida ya kuwa katikati, na hatari ya kuwa katikati pia ni yake.

Pesa zenyewe zigawe. Kwa 45,000 ningesema 20,000 ziwe arbuni siku ya kuthibitisha tarehe, 15,000 siku moja kabla ya sherehe, na 10,000 ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi. Angalia ninachokifanya: kinachobaki mwisho ni chini ya robo. Kosa lako la Shaabani halikuwa kukosa karatasi peke yake. Ulikuwa umeshamaliza kazi yote na pesa nyingi zikawa bado mkononi mwa mwengine. Sherehe ikivunjwa zikiwa zimebaki chini ya siku 14, arbuni hairudi, kwa kuwa tarehe ile ulikuwa umeshawakatalia watu wengine. Na wewe ukivunja, urudishe yote. Lazima iume pande zote mbili, la sivyo hatakubali, na atakuwa na haki.

Nimefika kwenye mwezi. Sherehe zako zinaanza Idd ikipita, na najua familia za kwetu zitahesabu "tarehe tatu Mfungo Mosi", yaani Shawwali, ilhali ukumbi umewekwa kwenye daftari kwa tarehe ya kizungu. Ramadhani ikiwa na siku 29 ni siku moja, ikitimia 30 ni siku nyingine, na hatujui mpaka mwezi uandame na Kadhi Mkuu atangaze. Na hata akitangaza, kuna nyumba zinazofuata mwandamo wa kwengine. Mwaka mmoja nilialikwa kwenye sherehe ambayo nusu ya wageni walikuja kesho yake! Andika tarehe zote mbili na useme ipi ina nguvu. Kwa mfano: *Tarehe ya sherehe ni ile ya kalenda ya kawaida iliyothibitishwa kwa maandishi. Ikisogea siku moja kwa sababu ya mwandamo wa mwezi, Mpiga picha atahudhuria bila malipo ya ziada, mradi amejulishwa usiku huo huo. Ikisogea zaidi ya siku moja, itahesabiwa tarehe mpya.* Halafu wewe mwenyewe usijipangie kazi nyingine siku inayofuata Idd. Hilo halihitaji mkataba.

Sasa picha ni za nani. Hapa wapiga picha wengi wamelala. Wanadhani aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa inahesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo hata ukikifuta kile kifungu chake na usiandike kitu, bado picha zinaelekea kwake. Ukimya hapa unakula upande wako. Ukitaka kubakisha haki yoyote, iandike.

Lakini jiulize unataka nini hasa. Picha za wanawake wasio na buibui, wamejipamba, utazifanyia nini? Huwezi kuziweka popote. Unachohitaji ni kuonyesha ufundi wako ili upate kazi ijayo. Basi omba ruhusa ya kutumia picha za mapambo, mikono yenye hina, nguo, kiti cha bibi harusi kikiwa kitupu, maua. Sura za watu zikae kando kabisa. Na zikae kando kwake pia! Karatasi yake inampa picha zote, na mwenye ukumbi ana kurasa za mitandao zenye kiu ya picha. Siku ataweka sura ya binti wa watu, atakayelaumiwa mtaani ni mwenye kamera. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Iandike kwamba si wewe wala yeye atakayechapisha picha inayomtambulisha mtu bila ruhusa ya maandishi ya mtu huyo mwenyewe. Ruhusa ya mama yake si ruhusa yake.

Kuna jambo ambalo huenda hujaliandika popote na lingekuvunjia jina siku moja: nani anahariri? Msimu ukishamiri utalemewa, na utashawishika kumpelekea kijana fulani wa Tudor mwenye kompyuta nzuri. Andika kwamba uhariri utafanywa na wanawake tu, kwamba picha zitakaa kwenye diski yako siku 90 baada ya kukabidhi, kisha zifutwe. Familia zikijua kifungu hicho kipo, yule mama wa Nyali ataweza hata kukitumia kujitangaza. Mwambie hivyo.

KRA isikutishe. Asilimia 5 ile si kodi mpya juu ya kodi. Anayelipa ada za kitaalamu au za kiufundi kwa mkazi wa Kenya hukata asilimia 5 malipo yakifika KSh 24,000 kwa mwezi, na zile alizokata zinahesabiwa kwako unapopeleka ritani ya mwaka. Wewe dai cheti chake tu, kila mara. Bila cheti, umezitoa sadaka. Na eTIMS anaihitaji kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kupunguza kodi ya biashara yake. Jisajili. Kwenye mkataba mstari mmoja watosha: 45,000 ni kabla ya makato, na atakuletea cheti.

Texas ifutwe, iandikwe sheria za Kenya. Mkikosana mtakaa kwanza na mtu mmoja mnayemheshimu wote, mumtaje kwa jina humo ndani, na asiwe mama yako. Msimtie kwenye mtihani wa kuchagua baina ya binti na rafiki. Siku 14 zikipita bila suluhu, Mahakama ya Madai Madogo.

Utamwendeaje? Uso kwa uso. Mpelekee kitu cha kufuturia, mngoje mpaka arudi tarawehe, na mkataba wako wa kurasa mbili uwe umeshachapishwa ndani ya mkoba. Usianze na "kaka yangu amesema". Anza na lile la kuajiri: "Khalti, nimeusoma mkataba wako nikaona pahali panaweza kukuletea taabu wewe." Hiyo si hila, ni kweli. Mpe karatasi yako aisome peke yake, usimsimamie. Atabadilisha vitu, na abadilishe. Bei ya saa ya ziada, siku 21 ziwe 14, hayo ni ya kuelewana. Yasiyo ya kuelewana ni matatu: siku ya kazi kwisha, malipo yasiyongoja wengine, na uhuru wako siku zisizo na sherehe. Akishikilia ile miaka 2, hapo ndipo utafute wakili, na kumlipa mtu asome kurasa mbili zako kutakugharimu kidogo kuliko kumlipa akuandikie upya.

Na ile 35,000? Umeisimulia kama maiti, nayo ingali hai. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla ya kufungiwa mlango, na lako halijamaliza hata miwili. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai hadi KSh milioni 1, yakiwemo ya huduma, waweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Kusanya yale mazungumzo ya WhatsApp tangu neno la kwanza la bei, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nusu ya kwanza, na ile tarehe uliyotuma kiungo cha picha. Usifute kitu, usibadilishe simu kabla ya kuhifadhi. Ushahidi wa kielektroniki huenda na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kikieleza ulivyoutoa na kwenye kifaa gani. Waulize makarani wa mahakama, watakuonyesha. Kabla ya hayo mwandikie barua ya madai, fupi, ya adabu, umpe siku 14.

Picha zake usimtishie nazo. Najua mtu amekwambia uziweke mtandaoni mpaka alipe. Ukifanya hivyo utakuwa umempa yeye kesi, tena kubwa kuliko yako.